Udi Kwenye Gari ya Mkwe

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Mie gari naijua kwa kuisikiliza tu. Ikikohoa, nshajua ugonjwa wake!

Uongo. Hata baiskeli ilinishinda.

Leo nimekwenda Micheweni na fundi Ame kukagua gari ya Safari, mkwe wangu — mwanangu kamuoa bintiye. Nataka kuinunua kwa ajili ya Bi Kazija, mke wangu. Kidonda cha mguu kinampeleka hospitali Chake Chake kila wiki, na bodaboda hapandi tena.

Ame kasikiliza injini, kajaribu breki. Mpira wa breki umepasuka! Kauona yeye, mie nasifia rangi. Ukabadilishwa papo hapo. Kisha akataka kufunua zulia, aingie na uvunguni. Nikamkanyaga kidole! Kwa mkwe, chai mezani, weye unapekua kama polisi? Ame akanung'unika: nisichokiona usiniulize, mzee.

Ndani inanukia udi. Hao ndio watu!

Jumatatu, 8 Septemba

Gari imefika. Dereva binti yangu, Ruweida. Bi Kazija kaizunguka mara mbili. Udi wote huu, ilibeba maiti? Nikamwambia ana wivu.

Jumanne, 9 Septemba

Lo! Lo!

Tunatoka Vitongoji kwenda hospitali — kraa! — sakafu imefunguka chini ya Bi Kazija. Mguu nje, lami inakimbia chini yake! Ruweida kakanyaga breki. Ikashika, ile ya mpira mpya. Bila hiyo leo mie mgane.

Mguu uliokuwa mzima nao una bandeji.

Tumefunua zulia. Bati lina matundu kama mkate wa kumimina. Na pembeni, kumenasa — mwani! Gari imebeba mwani mbichi miaka na miaka. Chumvi imekula, udi umeficha. Na mie nikaunusa nikashukuru!

Jumatano, 10 Septemba

Ame katoka uvunguni, kutu mpaka kwenye nyusi. Injini nzima, kasema, itafika popote — abiria ndio watabaki njiani. Nikamuuliza: mbona hukulazimisha kuangalia? Kavua kiatu. Kidole bado cheusi.

Bi Kazija kaapa: gari isiporudi kwao, hospitali hendi. Mwanangu kapiga simu: baba, usinivunjie nyumba. Na Safari yuko njiani na mkewe, wanakuja kumtazama mgonjwa!

Nimemwambia Ame: ulimi wako ulipokwama, nani alikupelekea posa kwa kina Rahila, mkeo? Mie. Miaka ishirini unakula wali wake kwa mdomo wangu. Leo niazime wako, dakika kumi tu, umwambie Safari gari inarudi kwao. Kaa hapo barazani. Wakipiga hodi, itikia weye —