Tenga la Mama Kwenye CV Yangu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri: kwenye CV yangu nimemwandika mama kuwa mdhamini wangu, na mama hajui.

Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha sita, tunaishi Towelo huku mlimani, na tangu niko kidato cha pili kila likizo nashuka mjini na mama tumebeba matenga, yeye kabichi na mimi stroberi na liki, zile za majani marefu kama kitunguu, lakini nina haya mno, siwezi kuita wateja kama wenzangu, basi nikawa nazunguka milango ya nyuma ya hoteli nachukua namba za wapishi, jioni nawatumia meseji kesho kuna nini shambani, wao wananijibu wanataka kiasi gani, mpaka mama akawa anamaliza tenga kabla jua halijawa kali na wapishi wananiita Dada Meseji.

CV ya kwanza nilichapiwa steshenari, kaka wa pale, Rogers, aliniuliza jina tu, mengine yalikuwa tayari kwenye kompyuta, ikatoka kwamba napenda kuogelea na nimezoea kuongoza watu, nikamwambia, "Kaka, mimi sijui kuogelea," akasema, "Kwani watakutupa mtoni? Wote wanaandika hivyo." Kiingereza nakijua, lakini kile kilikuwa kinamsifu mtu mwingine. Nikaisambaza, hakuna aliyeniita.

Ndipo kampuni moja inayopeleka mboga Dar ikatangaza inataka mtu wa kupokea oda, nikaandika CV upya mwenyewe, ukurasa mmoja, nakala nimekuambatanishia, nikaweka liki, nikaweka meseji, na mahali pa mdhamini nikaweka jina na namba ya mama, maana nani mwingine amenisimamia? Mshauri, wameniita kwenye usaili mwisho wa mwezi. Niliisoma ile taarifa nimesimama katikati ya matuta, nikacheka peke yangu.

Ila wamesema watawapigia wadhamini, na mama siku nilipomdokeza tu kwamba nataka kuandika kazi ya mboga kwenye CV alisema, "Nimekusomesha ulitue tenga, halafu wewe unalibeba tena mpaka ofisini?" Sasa wakimpigia akakana, kazi imekwenda, nikimfuta sina mdhamini, nikimwambia atanuna siku nzima. Nifanyeje?

Nasikia ndala zake uani. Siku zote barua hii naisukuma chini ya godoro asiione. Leo naiacha mezani.

Nisitajwe jina, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia ikiwa na mwandiko wa pili kwa chini, wa herufi kubwa kubwa: "Mimi ndiye mama yake. Amesahau njegere na karoti. Wapige simu tu, nitasema. Na jina lake msilifiche, anaitwa Glory."

Basi Glory, hongera, na sasa nikugombeze. Kumweka mtu mdhamini bila kumwomba ni kosa, hata awe mama yako. Anapigiwa yuko shambani, anashtuka, anajibu ovyo, na anayeumia ni wewe. Halafu mama hafai kuwa mdhamini. Si kwa sababu ya tenga, ila hakuna mama atakayemponda mwanawe, na waajiri wanalijua hilo. Mwache kwenye CV kama mwenye biashara uliyoifanyia kazi. Pa mdhamini weka mpishi mmojawapo wa hao wanaokuita Dada Meseji, na mwalimu wako mmoja. Waombe leo, uwaeleze ni kazi gani.

Ile ya steshenari chana. Rogers hana nia mbaya, lakini mwajiri akipokea waogeleaji kumi kwa siku katika mji usio na bahari, anafunga faili.

Hata hii mpya nimeisoma na sijaridhika. Umeandika kwamba "ulisaidia" kuuza mboga. Ulisaidia nini? Wewe ndiye uliyeanzisha oda za meseji, andika hivyo hivyo, na useme tangu mwaka gani na kwa hoteli ngapi. Haya zako zibaki usoni, zisiingie kwenye karatasi. Kwenye usaili sauti yako ikiwa ndogo, iwe ndogo. Wanatafuta mtu wa kupokea oda, na oda hupokelewa na anayesikiliza. Usichokijua, sema hukijui.

Siku moja kabla ya usaili chapisha nakala mbili, njegere na karoti zikiwemo. Moja ya mwajiri. Nyingine mpe mama aikague kabla hujashuka.