Vijipira vya Damu Yangu

Jumatatu, 4 Machi

Homa imemrudia Kipilipili. Kitukuu changu huyu, mwili kama kijiti, mdomo kama tarumbeta — leo kimya. Hicho kimya ndicho kinachoniua. Alimaliza dawa, akapona, akanitania vizuri tu kwamba natembea kama bata. Sasa tumbo linamsokota, macho yamezama ndani. Daktari kamwambia mama yake ni ileile homa ya matumbo, na kikirudi tena kishindo hiki mwili mdogo ule hautakihimili. Kasema kuna kitu hapo nyumbani kinamwambukiza. Kitafuteni.

Maji? Nachemsha mwenyewe! Nikamfuata muuza maziwa pale kona. Nimemwambia maneno, mengine siwezi kuyaandika hapa. Akasema mbona wateja wengine wazima. Nikamwambia wengine wana matumbo ya bati.

Mtoto kala kidogo. Kwa mkono wangu tu. Mtu mwingine akishika kijiko, anafunga mdomo kama mlango wa benki.

Jumatano, 6 Machi

Mjukuu wangu, mama yake Kipilipili, karudi kutoka kazini uso umevimba. Anafanya kazi maabara. Kwa muda wote huu wanatengeneza kipimo cha homa hiyohiyo ya matumbo, na mimi nimo humo, si mchezo. Zamani iliniangusha mwaka mzima, ikaniacha. Kwa hiyo wakanitoa damu. Eti mtu aliyeugua damu yake inabaki na walinzi wa kumtambua yule mdudu. Kingamwili, ndiyo jina lao.

Walinzi hao wanawabandika kwenye vijipira vya plastiki, vidogo hata jicho halivioni. Kila kijipira kina matabaka kama kitunguu. Ndani kigumu, katikati rangi, juu kabisa tabaka linaloshika. Walinzi wangu wanakaa hapo juu. Ukitia tone la majimaji hayo kwenye kadi pamoja na uchafu wa mgonjwa, yaani choo chake, walinzi wanamkamata mdudu, vijipira vinavutana, unaona punje-punje. Kama hakuna mdudu, linabaki laini kama maziwa. Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka, nikasema kumbe hata mimi nimeajiriwa.

Leo hakuna wa kucheka. Vijipira vimekamata hata maji safi! Wameharibu. Kosa ni la haraka: baada ya kubandika walinzi, sehemu za juu zilizobaki wazi lazima zizibwe kwa protini nyingine, la sivyo zinashika kila kipitacho. Yeye mawazo yalikuwa kwa mwanawe, akavitoa vijipira kabla hazijazibika. Mkubwa wake kamfokea mbele za watu. Nikamwambia huyo mkubwa aje hapa nimzibe mimi.

Kacheka kidogo. Halafu kalia.

Ijumaa, 8 Machi

Wamebandika upya. Wamesubiri, wameosha, wameziba. Maji safi — laini. Uchafu wa Kipilipili — punje tele! Kipimo kinaona!

Sasa wanataka choo cha watu wasiougua, hasa wazee, waone kama kinanyamaza pale kinapotakiwa kunyamaza. Wenzake mjukuu wangu huko maabara wanaona haya kutoa choo. Watu waliosoma! Nikasema nipe kikopo. Akasema, Bibi, una uhakika? Nikamwambia, mke mwenzangu, mimi nimezaa watu saba mbele ya umati, leo nione haya kikopo? Tangu homa ile iniache sijaugua hata mafua. Mzima kuliko mimi utampata wapi?

Kakiweka kwenye pochi yake. Nikasema tembea taratibu, umebeba mzigo wa mwenyewe.

Mtoto joto limeshuka kidogo. Nimempondea ndizi kwa vidole, kala yote.

Jumamosi, 9 Machi

Mjukuu kaingia, hakunisalimu. Kaenda jikoni moja kwa moja, kaninyang'anya mwiko. Eti pumzika Bibi, leo napika mimi. Yeye? Huyu anayeunguza maji?

Nikasema una nini. Hakuna. Nikamshika kidevu kama alipokuwa mdogo. Akageuza uso. Halafu akasema — Bibi, usimlishe mtoto kwanza. Tafadhali. Hata kwa kijiko.

Nilikasirika hadi masikio yakawaka. Nikamwambia nimekulea wewe kwa mikono hii, na mama yako kabla yako. Akasema najua Bibi. Najua. Akawa anasema hivyo tu.

Hajanieleza. Nimelala na hasira, na mwiko nimeuficha chumbani kwangu.

Jumapili, 10 Machi

Kaniambia.

Tone langu lilifanya punje.

Akadhani vijipira vimeharibika tena. Akaweka choo chake mwenyewe — laini. Cha mwenzake — laini. Changu tena — punje. Eti kuna watu homa inawaacha, lakini mdudu hawaachi. Anakaa ndani ya nyongo, kimya, mwenye nyumba hana habari. Anatoka na choo, anapanda mikononi, anaingia chakulani.

Walinzi wangu wenyewe ndio walionikamata.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi leo mimi ndiye nguo.

Mimi! Nikakumbuka zile ndizi. Vidole vyangu.

Akapiga magoti, akanikumbatia miguu. Bibi, si kosa lako, na haijathibitishwa, kipimo chetu bado hakijakubaliwa, hospitali wameiotesha sampuli yako waone kama mdudu atakua, watatuambia kesho. Ikiwa ndivyo, dawa ipo. Nikasema ondoka miguuni kwangu, nenda kanawe. Akasema, Bibi, kunawa ndiko kunakotosha, usijitenge. Kunawa tu, na usipike.

Nikatoka nikaenda kona. Nikamwambia muuza maziwa kwamba yale maneno nimeyafuta. Akauliza yote? Nikasema yote, isipokuwa lile la kofia yako, hilo ni kweli.

Jumatatu, 11 Machi

Mjukuu kaenda hospitali kuchukua jibu. Kamwacha mshona nguo wa mlango wa pili na mtoto. Homa imepanda tena tangu alfajiri. Dawa ya kunywa iko mezani.

Mimi niko chumbani, nimefunga. Naandika hizi herufi alizonifundisha mama yake mtoto, ili mikono iwe na kazi.

Namsikia mshona nguo akibembeleza. Haya mwanangu, kijiko kimoja. Namsikia mtoto — Bibi! Nataka Bibi! Sauti imekwisha, ni uzi tu. Dawa imemwagika. Kaweka nyingine. Kaitema.

Mshona nguo kagonga. Bibi wee, njoo, kanishinda! Dawa haijaingia hata tone, na mwili ni moto! Nikasema mwambie Bibi kalala. Akasema anajua hujalala, anakusikia unakohoa.

Nimenawa. Kwa sabuni, hadi viwiko. Nimenawa tena, kucha nimezikata hadi zimetoa damu. Naitazama mikono. Safi. Ilikuwa safi na siku zile zote pia!

Amenyamaza sasa. Kimya kilekile.

Mshona nguo anasema Bibi, macho yake yanageuka, njoo —

Nimenawa mara nyingine. Naufungua mlango kwa kiwiko, nikampe ile dawa.