Upande wa Pili wa Kaseti

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Hapa Shella tu wazima. Mamako amepaka nyumba rangi na harufu yanikaba.

Waniuliza kwa nini sitaki nyimbo za kaseti yangu uzitie kwenye simu. Sikiza. Nilipokuwa wa rika lako, dadangu Mwanaisha, huyu wa Muyeye, aliziba kwa karatasi vile vitundu vya kaseti vizuiavyo kurekodi juu yake, akarekodi taarabu ya arusi yake juu ya upande wa kwanza. Nyimbo zangu za kuchezea zikafutika zote. Nililia. Zikabaki za upande wa pili, za taratibu, mwimbaji akijisema mwenyewe. Hizo siku zote nilikuwa nikizipeleka mbele; sasa nikazisikiza kwa kukosa nyingine.

Katika wimbo mmoja akiri kwamba humwitikia kila mtu kwa woga tu. Mimi nami nilikuwa nimeitikia posa, na skuli ningeiacha. Asubuhi nikamwambia babangu, "Baba, nisamehe, namaliza skuli kwanza." Nikamaliza.

Simu yako huruka wimbo kwa kidole. Kaseti haitoki humu ndani. Njoo likizo uusikilize upande wa pili mpaka mwisho. Redio ya kaseti nitaishika mimi.

Nyanyako,
Zena