Ndizi Zetu Hazihitaji Pasipoti

Hapana, Mama Mkwe, hawajatugawanya. Bado tuko pamoja.

Swali lako lilifika. Kwamboka alirudi na simu akasema, "Baba, Nyanya anasema hivi: uliza huyo mtu kama bado ni kikundi moja ama ni mbili." Huyo mtu ni mimi. Tangu nimuoe binti yako hujawahi kutaja jina langu, na mimi sijawahi kukuangalia usoni. Hata sasa nikiandika hii barua nimegeukia ukuta, nisije nikakosa adabu na karatasi. Nitaisoma kwanza kwa akina mama wa kikundi, wasiseme nilikuandikia kisirisiri.

Unakumbuka venye tulianza biashara? Mimi sikuwa na kitu, darasa la sita na baiskeli isiyo na breki. Wewe ulikuwa na ndizi huko juu Manga, na mimi nilijua wanunuzi huku Masimba na Kisii mjini. Lakini mkwe na mama mkwe watafanyaje biashara, na chinsoni, hiyo heshima yetu ya ukwe, haituruhusu hata kusalimiana kwa mkono? Ukaleta ndizi mpaka kijito, ukaweka kwa nyasi, ukarudi nyuma ya kahawa. Halafu ukaongea na ng'ombe yako.

"Wewe ng'ombe, kuna mtu akichukua hiyo mkungu ya chini atajuta. Haijakomaa."

Na mimi, nikiwa nimeangalia upande wa Kisii, nikajibu baiskeli yangu: "Baiskeli, umesikia? Hiyo ya chini tuachane nayo."

Kerubo, rafiki yako wa ng'ambo ya kijito, alikuwa anapita na kikapu ya chai. Alicheka mpaka majani yakamwagika. Akasema hajawahi kuona ng'ombe na baiskeli zikielewana hivyo.

Hivyo ndivyo kikundi kilianza, si kwa ofisi ya mtu. Akina mama walikuwa tayari na risaga yao, leo wanapalilia kwako, kesho kwa Kerubo, keshokutwa kwa mwingine, na kijito wanaruka tu. Wakaona ndizi zikienda kwa baiskeli yangu, wakaongeza zao. Baiskeli ikawa pikipiki. Risaga ikawa kikundi cha Mkungu Mmoja. Wewe ukawa mwenyekiti, na mimi nikawa mtu wa kubeba, cheo ambacho hakuna mtu anagombania.

Mambo ya mpaka hatukujali. Nikiwa mdogo tulikuwa wilaya moja, Kisii tu. Siku moja mwalimu akachukua chaki akakata ramani ubaoni, akasema huko juu sasa ni Nyamira. Tulichungulia dirishani. Manga ilikuwa palepale. Halafu ikaja Katiba mpya, wilaya zikawa kaunti, kila upande gavana wake na bendera yake. Lakini huku ni chai na ndizi, huko ni ndizi na chai. Huku tunagombeza watoto kwa Ekegusii, huko pia. Wewe mwenyewe uliambia ng'ombe siku moja, "Hii kijito haijawahi kuuliza mtu kitambulisho."

Sasa nifike mahali panauma.

Siku ile ya mkutano kwa ukumbi wa kanisa, tulitaka kuandikishwa kama ushirika ndio tupate banda la kuivishia ndizi. Afisa wa ushirika alikuja, yule kijana wa kutoka upande wa ziwa. Akasema kwanza ajue wa Kisii ni wangapi na wa Nyamira ni wangapi, kwa sababu pengine itabidi tuwe vikundi viwili. Ukumbi ukaanza kelele. Mtu wa huku akasema hao wa Nyamira wana gavana wao, waende wakamsumbue. Nikaambiwa mimi niongee, niwatulize, kwa sababu nachekesha.

Nikasimama. Wewe ulikuwa umekaa mbele. Sasa ningefanya nini? Nikageuka, nikahutubia ukuta.

Yule afisa akashangaa. "Mzee, watu wako huku. Huko ni kalenda."

Kerubo akamwambia, "Muache. Mama mkwe yake ako hapa."

Watu wakacheka, na mimi nikisikia kicheko najisahau. Unanijua, au tuseme ng'ombe ananijua. Nikaambia kalenda, "Basi akina mama wa Nyamira kuanzia leo waje na pasipoti. Ndizi bila viza tutarudisha kwao!"

Ukumbi ukalipuka. Nikaongeza nyingine, nikaongeza nyingine. Nilikuwa nimekupa mgongo, Mama. Sikuona uso wako. Kama ningekuona ningefunga mdomo. Nilisikia tu kiti kikisukumwa, nikafikiri ni mtu ameanguka kwa kucheka.

Ni mke wangu aliniambia nyumbani. "Umefukuza mama yangu mbele ya watu, na hakuweza hata kukujibu." Ugali siku hiyo nilikula kama mchanga. Kesho yake ukaenda Nakuru kwa shemeji yangu, ukaacha neno kwamba utarudi ukiambiwa wewe ni wa wapi.

Hiyo miezi, Mama, nilikuwa mtu wa utani bila utani. Nikipita kijito, ng'ombe yako ananiangalia. Nikimwambia habari ya asubuhi, anatafuna tu.

Basi wiki iliyopita afisa akarudi kumaliza hesabu ya watu. Akasema, "Wa Kisii wasimame kushoto, wa Nyamira kulia." Kerubo akaenda kushoto, akasimama, akarudi katikati.

"Mama, mbona unatembea?"

"Bwana Afisa, mimi nimeolewa Kisii. Lakini nimezaliwa Nyamira, na kaka zangu wako huko. Nisimame na bwana ama nisimame na mama?"

Mwingine akasema yeye ni kinyume: ameolewa Nyamira, amezaliwa chini huku. Mwingine binti zake wote wameolewa ng'ambo. Si unajua sisi hatuoi ukoo wetu, lazima uruke kijito utafute mke. Mwisho wote wakasimama katikati, na kushoto na kulia pakabaki viti. Kerubo akamwonyesha afisa kiti chako hapo mbele, hakuna mtu amekikalia tangu uende. "Na huyo aliyetoka amezaliwa Kisii," akamwambia. "Tukigawanyika, yeye tutamkata wapi?"

Mimi hata sikujua ulizaliwa huku. Ningejuaje? Ng'ombe hakuwahi kusema.

Afisa akafunga daftari. Akacheka peke yake, akasema hata yeye mama mkwe wake anamhangaisha hivyo hivyo. Akatoka nje, akapigia wakubwa wake simu. Kurudi, akasema ushirika unaweza kuwa na watu wa pande zote mbili, bora tuandike makao makuu ni wapi. Tukaandika Manga, kwako, chini ya nyumba. Mzani utakaa huku kwetu. Fomu imetiwa muhuri, nimeiona kwa macho yangu, na nilipoiona nikakaa juu ya ndizi za watu.

Kwa hivyo jibu ndilo hili: wewe ni wa pande zote, na mimi ni mjinga wa upande mmoja. Nisamehe.

Sasa nina mpango, usikatae haraka. Nimeweka benchi mbili kwa kijito, moja ng'ambo yako, moja huku. Wewe utakaa Nyamira uangalie Manga, mimi nitakaa Kisii niangalie Masimba, migongo ikiangaliana. Huu mpaka wametuwekea, wacha tuutumie kwa adabu. Unitukane siku nzima kwa ile pasipoti, na mimi sitajibu hata neno moja. Ukimaliza, Jumatatu tunabeba ndizi.

Ukikubali, usinipigie. Kwamboka atawekea ng'ombe simu kwa sikio. Ambia yeye. Mimi nitakuwa karibu nikifunga pikipiki kamba, na nitasikia.

Ni mimi, huyo mtu,
mume wa binti yako.