Mke Wangu Anataka Injini Kubwa

Mama Salma, shikamoo. Naomba unisomee hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana jambo hili kila ninayemweleza hapa Chamwino anacheka kwanza ndipo anasikiliza, na mimi halinichekeshi, limenikaa kifuani tangu tutoke Mpwapwa, nisaidie.

Naitwa Yoramu, ni fundi wa kuchomelea, natengeneza mageti na madirisha ya chuma, na mke wangu Priska ni karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali hapa hapa, mtu mpole, anaimba sauti ya pili kwaya, mtu ambaye ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Miaka michache iliyopita mteja wangu mmoja, Fredy, alihamishwa kikazi akaniachia sanduku kubwa la vipande vya gari la mashindano, yale ya kujiundia mwenyewe, mabomba ya fremu yamekatwa tayari na michoro imo, akasema yeye limemshinda, nimalizie mimi. Nikamalizia. Injini niliitoa kwenye Starlet iliyopinduka, bodi nikakunja mabati mwenyewe, likawa gari fupi, pana, halina milango, ukiliangalia kwa mbele linafanana na mende, lakini liliwaka, na siku lilipowaka nilizunguka nalo uwanja wa gereji hadi mafuta yakaisha.

Mwaka huu nikajiandikisha kwenye mashindano ya vumbi ya kanda yetu, ambayo huanza masika yakikatika na kuisha kabla ya mvua mpya, kila raundi mahali pake, magari yanaachiwa moja moja kwenye njia ya porini na mwenye muda mfupi ndiye mshindi. Raundi ya kwanza ilikuwa nyumbani, Chamwino, niliendesha mwenyewe, nikashika mkia, shokapu ya nyuma ikapinda, na bado nilirudi na furaha kama bwana harusi.

Raundi ya pili ilikuwa Mvumi. Wiki ile geti la mteja likaniangukia mguu wa kushoto, ukavimba, sikuweza kukanyaga klachi, tukakubaliana aendeshe shemeji yangu Sila, kaka yake Priska, ambaye ndiye msaidizi wangu, lakini Sila alipoiona njia inavyotumbukia korongoni na kupanda ng'ambo akaniambia yeye ana watoto wadogo. Nikasema basi, tulifunge gari turudi. Priska alikuwa amekuja kutupikia tu. Akafuta mikono kwenye kanga akasema, "Nipe hiyo kofia." Mama, mimi ndiye niliyemfundisha huyu mwanamke kuendesha, kwa pikapu ya gereji, na ninajua anavyoendesha, akiona kuku mbele anasimama anamngoja amalize shughuli zake. Nikampa kofia, nikamwambia akiona pagumu asimame, hakuna aibu.

Nilikaa juu ya jiwe, mguu nimeunyoosha, nikamsikia kabla sijamwona, kwa sababu gari nililoliunda nalijua kwa sauti kama mama anavyojua kilio cha mwanawe, na sauti iliyokuwa inakuja sikuwahi kuisikia. Pale kabla ya korongo mimi ningeachia mafuta mapema, kwa hiyo nikawa nangoja sauti ishuke, nangoja, nangoja, haikushuka. Vumbi jekundu likapanda juu ya michongoma, gari likachomoka ndani ya vumbi lile, likazama korongoni, na lilipotoka ng'ambo magurudumu yote manne yalikuwa hewani, nikaona anga chini ya tumbo la gari ambalo nililala chini yake miezi mingapi nikichomelea, likatua, likayumba, likanyooka, likaenda. Jua lilikuwa linaniwaka utosini lakini mikono yangu ilikuwa ya baridi, na kitu nilichokisikia mwilini nimewahi kukisikia kanisani tu, tena si kila Jumapili.

Alipofika mwisho akavua kofia, uso wote vumbi isipokuwa macho, akaomba maji, akanywa, akaniambia, "Breki ya mbele kushoto inavuta." Nikaikagua. Ilikuwa inavuta.

Mguu wangu ulipona lakini usukani sikuudai tena. Ikawa yeye anasema, mimi natengeneza. Akisema nyuma panatikisa mkia kwenye mchanga, napanua ekseli. Akisema gia ya pili ni ndefu, mimi na Sila tunabadilisha difu, zile gia za katikati ya ekseli. Akisema anakaa juu mno, nakata kiti nakishusha hadi makalio yake karibu yaguse ardhi, na kila nilichomtengenezea alikigeuza kuwa mbio ambazo mimi mwenyewe sikujua kama zimo ndani ya lile gari. Mpwapwa, kule kwenye vilima, nilisimama kwenye kona ya mawe ambapo upande mmoja ni mteremko mtupu, akaja gari limekaa upande, linateleza, gurudumu la nyuma linasukuma kokoto zinaanguka bondeni, na uso wake, Mama, nilimwona usoni, ulikuwa uso ule ule wa kutafuta faili la mtu kabatini. Alishinda magari yote ya kujiundia na akayaacha nyuma hata baadhi ya magari yaliyotoka kiwandani yakiwa ya mashindano. Mimi nililia pale kwenye mawe. Sila aliponiuliza nikasema ni vumbi.

Sasa taabu. Kijiweni wananiita mbeba spana wa Priska, nacheka nao, lakini nikifika nyumbani bado nayasikia. Mama mkwe alikuja kutoka kijijini akanikalisha chini akasema, "Baba, mwanangu nilikupa wewe, si hilo lichuma." Halafu Sila akapata injini nyingine, kubwa, yenye turbo, nzima kabisa, ipo gereji nimeifunika turubai, na Priska anaitaka ifungwe kabla ya fainali ya Dodoma, anasema kwenye uwanda ule ulionyooka injini tuliyonayo itaishiwa pumzi. Kuifunga naweza. Michoro ninayo kichwani. Lakini alipoomba nikasema hapana, akauliza kwa nini, nikasema hapana tu, nikaendelea kula. Akaweka kijiko chini akaniangalia. "Unaniogopea, Yoramu, au unaniogopa?"

Nikainamia sahani yangu. Hajagomba, chai ananiletea, anasali, anakwenda kazini, ila habari ya gari haigusi tena, na nyumba imekuwa kimya kama gereji siku umeme ukikatika. Nikiifunga ile injini na kitu kikatokea, nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu. Nisipoifunga, nitakuwa nimeufunga mlango mbele ya kitu ambacho sijui Mungu alikiweka kwa mtu yule kwa ajili gani. Na sijui ninayekataa ni mume anayempenda mkewe au ni dereva aliyeshika mkia Chamwino. Niifunge au nisiifunge?

Yoramu, Chamwino


MAMA SALMA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu Yoramu.

Nimesoma hadi mwisho kama ulivyoomba, na sikucheka, ila nilipofika kwenye kuku nilitabasamu. Kwanza nikupe pole ya mguu. Pili nikuambie kwamba wanaume huniandikia kila wiki kulalamika kuhusu wake zao, na ni wachache sana walioandika kwamba walimtazama mke wakapoa mikono kwa mshangao. Umepewa kitu kikubwa. Sasa acha kukishughulikia kama geti lililopinda bawaba.

Mimi injini sizijui. Kwa hiyo niliichukua ile namba uliyoiandika chini ya barua nikakupigia, nikakuuliza swali moja ambalo hata bibi kizee anaweza kuuliza: gari hilo likiwekwa injini kubwa, litasimama? Ukasema, "Kwa breki zilizopo halitasimama vizuri, Mama. Na fremu pale mbele inataka kuongezewa mabomba." Nikakuuliza kama mkeo umemwambia hivyo. Ukasema hujamwambia.

Yoramu, jibu ulikuwa nalo mdomoni ukalimeza pamoja na chakula. Mwanamke huyu alikutolea habari ya breki ya kushoto baada ya kuruka korongo. Anaelewa lugha ya chuma kuliko lugha nyingine yoyote unayomsemesha. Ungemwambia breki hazitoshi, angekuuliza zinahitaji nini, mngemaliza chakula mkaenda gereji. Badala yake ukampa "hapana" tupu, kama baba anayemnyima mtoto pipi, na yeye akabaki kuijaza mwenyewe. Unashangaa nyumba imenyamaza?

Swali lake ni la tofauti ya herufi moja, nawe umeng'ang'ana kuchagua upande. Usichague. Unamwogopea na unamwogopa, vyote viwili, na hakuna dhambi. Kumwogopea ni kazi ya fundi: kuna breki, kuna mabomba ya fremu, kuna mkanda wa kiti. Hiyo ipeleke gereji. Kumwogopa ni kazi ya mume, na hiyo haichomelewi. Itamke. Mwambie ukiwa umekaa naye, redio imezimwa, kwamba kijiweni wanakuchoma, kwamba ulidhani unamfahamu, kwamba Mpwapwa ulilia. Kamwambie yeye, si mimi. Mimi naishi Dodoma mjini na siwezi kukufuta machozi.

Na wale wa kijiweni, waulize nani kati yao ameunda gari. Kama yupo, yaheshimu maneno yake. Kama hayupo, kanywe kahawa kwako.

Mama mkwe usimdharau. Ana hofu ya mzazi. Mpeleke akalione gari, mwonyeshe kila bomba linalomzunguka binti yake, mwache aligonge kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa injini. Usiifunge kwa ajili ya fainali. Muda hautoshi kufanya kazi yote ipasavyo, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Aendeshe fainali kwa injini ya zamani, na mwambie sababu zote, moja baada ya nyingine. Kisha fanya jambo moja ambalo barua yako ndefu haikulitaja hata mara moja. Umekaa juu ya jiwe, umesimama kwenye kona, umesikiliza kwa mbali. Mashindano yenu yanaruhusu mtu wa pili wa kumsomea dereva njia, wewe mwenyewe uliniambia kwenye simu, nawe kiti cha pili unakiacha kitupu kwa sababu ya uzito. Kaa. Uzito wako utawachelewesha. Mcheleweshwe. Huwezi kumwamulia mtu mambo ya mahali ambapo hujawahi kukaa naye.


Fainali ilikuwa inakuja kabla ya siku ya kutoka gazeti hili, kwa hiyo majibu haya nilimsomea Yoramu kwa simu wiki moja kabla. Jumatatu baada ya mashindano alinipigia, na kwa ruhusa yake na ya Priska naandika alichonieleza.

Alimwambia yote, sebuleni, mchana wa Jumapili. Mwishoni Priska aliuliza breki zinazofaa zinapatikana wapi, halafu akasema ya kijiweni alikuwa anayajua siku nyingi, alikuwa anangoja mumewe amwambie. Mama mkwe akapelekwa gereji, akagonga mabomba, hakusema ameridhika, ila aliomba afungwe mkanda akae kidogo.

Siku ya fainali Yoramu alikaa kiti cha kushoto. Walikuwa wa pili kwa magari ya kujiundia, nyuma ya mmoja mwenye injini kubwa, na kwenye ule uwanda ulionyooka pembeni ya mashamba ya zabibu injini yao iliishiwa pumzi kama Priska alivyosema itaishiwa. Lakini si hayo aliyonipigia kuniambia. Sauti yake ilikuwa chini, kama ya mtu aliyerudi kutoka mbali.

"Mama, anaogopa," alisema. "Mimi nilidhani haogopi. Pale kwenye mstari wa kuanzia mikono ilikuwa inamtetemeka mpaka pete inagonga usukani, naisikia, tiki, tiki, tiki. Nikataka kumwambia tushuke. Bendera ikashuka, ile pete ikanyamaza, akaondoka. Sikuweza kumsomea njia hata neno moja, Mama, nilikuwa namtazama tu, na njia alikuwa anaijua."

Nikamwambia, na sasa namwandikia ili asisahau: nunueni breki, ongezeni mabomba, mpeni fundi mwingine asiyewapenda aikague kazi yako, kwa sababu mapenzi hayaoni ufa. Vikiwa tayari, na si kabla, toa turubai uifunge hiyo injini. Una mvua nzima mpaka msimu mwingine.

Na kiti cha kushoto ni chako, Yoramu. Usimwachie Sila.