Ndiyo za Lusangi

Kasongo,
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa dada yangu, Yaya Dorothée,

Pokea salamu nyingi toka huku nyumbani. Mgongo uliokusumbua unaendeleaje? Shemeji Fabrice na watoto hawajambo? Sisi tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama amekonda kidogo baada ya kuvuna mpunga, ila mdomo wake bado una nguvu zote unazozijua.

Barua yako imefika. Nakushukuru sana kwa kuniombea nafasi katika kile kituo cha ushauri huko Lubumbashi, na nimeona wanataka diploma kabla ya mwaka kwisha. Naomba uketi kwanza, ndipo usome yanayofuata.

Unajua kazi yangu ya mwisho katika idara ya saikolojia inahusu huzuni ya wanawake waliofiwa kwenye machimbo ya dhahabu. Mwezi wa nne nilipanda pikipiki hadi Lusangi na maswali yangu: unakosa usingizi, umepoteza hamu ya kula, unasikia sauti ya marehemu? Nilivaa kizibao chenye mifuko mingi nilichoazima idarani, nikajiona mtafiti kamili. Kumbe wenyeji waliona shirika la misaada limefika.

Kila mama alikuwa na kila ugonjwa. Mmoja alinivuta pembeni. "Andika ndiyo kwa yote, mutoto wangu, na jina yangu usisahabu. Mablanketi itafika siku gani?" Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini pale hakuna aliyeficha; kila mmoja alitoa hata maradhi asiyokuwa nayo. Siwalaumu. Miaka yote hii anayekuja kuuliza ndiye anayegawa, na anayesema yu mzima haandikwi.

Profesa Magloire, anayenisimamia, alifurahi. Alisema hajaona matokeo mazuri namna hii, niyaandike, nitetee kazi mbele ya jopo mwezi wa saba. Nilipomweleza habari ya mablanketi alikunja uso: jibu ni jibu, na nikitaka kurudia, nitangoja mwakani. Nilikasirika, Yaya, hata chai yake sikuimaliza.

Utauliza kwa nini nisifumbe macho nichukue diploma yangu. Ni kwa sababu ya mama mdogo Safi. Naye alikuwa miongoni mwa niliowauliza; unakumbuka shimo lilivyomfukia mwanawe Muzaliwa. Juzi nilirudi kwake bila kizibao, nimejifunga kitenge, tukakaa kumenya mihogo. Halafu akasema, "Ile siku nilijibu ndiyo kwa yote, kama wengine. Lakini ile ya usingizi, ile iko kweli."

Nimeitafuta ndiyo yake katikati ya zile nyingine zote. Haina tofauti nazo hata kidogo. Nikitetea kazi hii kama ilivyo, hakuna atakayejua kamwe kwamba yeye halali.

Basi nafasi ile wampe mwingine. Kesho narudi Lusangi, nitaishi kwa mama mdogo na kuuliza polepole, mama mmoja mmoja, mikono yangu ikiwa kwenye kazi yao. Najua umehangaika kwa ajili yangu, na inaniuma. Lakini usijaribu kunibembeleza, utamaliza wino bure.

Nisalimie shemeji, Elodie na Kadogo. Mama anakubariki. Mungu akulaze salama kila siku, Yaya, na mama mdogo amrudishie usingizi wake.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinikasirikia,
Esther-Divine