Mstari Nilioufuta kwenye Historia Yako

Baba Mdogo,

Nimerudi kutoka kuiona stupa yako, lile kuba la matofali la Wabudha. Nyayo bado zinaniwasha, maana pale viatu vinavuliwa getini na mawe yalikuwa yameunguzwa na jua tangu asubuhi. Nilirukaruka kama kuku. Wanawake wa pale walivaa soksi. Habari ya soksi hukuniambia.

Lakini kwanza nikiri. Siku tatu kabla ya kukuzika, Shangazi alinipa kazi ya kuchapa historia yako fupi, ile ya kusomwa kanisani, kwa kuwa karani wa ukoo ni mimi. Niliandika ulivyozaliwa Iringa, ulivyojifunza uashi, ulivyonichukua nikiwa na miaka tisa ukanilea Garland, huku Marekani. Kisha nikaandika hivi: "Tangu ahamie Marekani, siku aliyoifurahia kuliko zote ni ile aliyojenga matofali kwenye stupa ya kale ya Wabudha, Sri Lanka." Shangazi aliisoma amesimama, miwani puani, kitambaa cha jikoni begani.

"Hii nini? Mzee wa kanisa, halafu unaandika stupa? Unataka mchungaji adondoke?"

Nikasema, Shangazi, alikuwa anajenga tu.

"Kujenga kwenye masanamu ndiyo tu? Wewe mtoto, uta-confuse watu. Futa. Weka hapo 'alipenda kusafiri', imetosha. Haya, njoo uonje chumvi."

Nikafuta. Nikaonja chumvi. Na Jumamosi ile nikasimama mbele ya watu wa Garland na wa Katy, mji wa Shangazi, nikasoma kwamba marehemu alipenda kusafiri. Wewe! Uliyekuwa unalalamikia mgongo kila tulipokwenda kwa Shangazi, kuanzia mji wa Corsicana, katikati ya safari, hadi mlangoni kwake!

Ofisini kwetu Richardson, nikibadilisha neno moja kwenye faili la mgonjwa lazima niandike sababu na jina langu. Kwako sikuandika sababu. Sababu ilikuwa woga. Unanijua. Mimi ndiye ninayerudi mara tatu kuangalia kama jiko limezimwa.

Na nilijua vizuri nilichokuwa nakifuta. Miaka yote ile ghalani ulifunga maboksi, mwashi mzima, na hapa hakuna mtu aliyewahi kukuuliza kama unajua kushika tofali. Mwenzako wa ghalani akakualika harusi ya binti yake kwao Sri Lanka, ukaenda, na kesho yake wakakutembeza kwenye magofu. Ulirudi na chokaa kwenye kucha, ukakataa kuisugua juma zima. Ulipanga vipande vya mkate mezani kunionyesha. "Karani, watu wamejipanga mstari, wanapokezana matofali ya kukarabati ukuta wa stupa. Na mimi nikaingia mstarini. Fundi wao akaitazama mikono yangu, hakuuliza kitu, akanipa mwiko wake." Ulijenga kozi mbili, safu mbili za matofali, ukala wali nao kivulini. Ulipofika hapo ukaanza kula mkate wako wa mfano.

Basi nikaomba likizo. Msimamizi wangu aliuliza kama naenda kupumzika pwani. Nikasema naenda kuhakiki rekodi.

Ni kubwa, Baba Mdogo. Ulisema ni mlima uliopangwa kwa mkono, nikadhani unatia chumvi. Pembeni kuna nguzo za mawe zisizobeba paa lolote, mabwawa ya kuogea watawa, na hori refu la jiwe walimowekewa wali wao. Nikaanza kuizunguka stupa nikitafuta mlango. Nikapishana na watu wote, wananitazama, mimi najibana kuomba radhi. Bibi mmoja mwenye maua akanishika kiwiko, akanigeuza kama mtoto, tukaenda pamoja upande ule wanaoendea wao. Mlango haupo. Ndani ni matofali tu, hadi katikati.

Sikusujudu. Shangazi akiuliza nitamwambia hivyo, na ni kweli. Lakini sikuogopa kusimama pale pia. Nilitafuta kozi zako kwenye ukuta wa stupa uliokarabatiwa. Nilimwonyesha fundi mmoja picha yako kwenye simu, akacheka kwa upole, akapunga mkono kuuonyesha ukuta wote. Hakuna anayejua lipi ni la nani. Nililia kidogo. Kisha nikaweka kiganja ukutani, palipokuwa moto, nikakiacha hapo.

Jana nilimpigia Shangazi. Kesho kutwa tunamaliza msiba nyumbani kwake Katy, na historia yako inasomwa tena. Nilianza na shikamoo, kisha nikamwambia kuna mstari umerudi.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Marehemu mwenyewe, Shangazi."

Nikaihamishia simu sikio la pili, ikagonga hereni.

"Watasema ndugu yangu alipotea," akasema, na sauti haikuwa ya ukali tena. "Mimi ndiye niliyembeba mgongoni yule. Unajua hilo?"

Najua. Ndipo nilipoelewa kwamba na yeye anaogopa, pengine kuliko mimi. Nilimwambia pole. Lakini siwezi tena kuogopa kwa niaba ya watu wawili. Nikamwambia mstari haufutiki.

"Basi usije."

Nitakuja. Mtoto wake aliyekuwa anichukue ameshaambiwa asinipitie, kwa hiyo nitaendesha mwenyewe, saa nne za barabara kuu, mimi ninayefunga macho malori yakinipita. Sitayafunga. Nimechapa nakala za kila mtu.

Pumzika, Baba Mdogo. Nakuahidi kwamba katika familia hii hakuna atakayekuita tena mtu aliyependa kusafiri. Ulikuwa mwashi. Jumamosi nitawaambia ulijenga nini na wapi. Shangazi akizima maiki, nitasoma bila maiki. Sauti yangu ni ndogo, unaijua, kwa hiyo nitawasogelea.

Mwanao,
Karani